Njoro: Kasri lajulikana, pango limesahauliwa, msitu unagombewa

Nilikwenda Njoro kumsindikiza mpwa wangu aliyeitwa kujiunga na Chuo Kikuu cha Egerton. Shughuli za usajili zilipokwisha, nilibakiwa na nusu siku kabla ya basi la usiku la kurudi Mombasa. Nikamwendea kijana wa bodaboda nikamwambia, "Mwanangu, nipeleke pango la Mto Njoro, lile walilochimba kina Leakey."

Akanitazama kidogo. "Pango silijui, mzee. Lakini kama ni mambo ya kale, wageni wote huenda kwa Lord. Panda twende."

Nikapanda, tukaenda kwa Lord.

Simlaumu kijana yule. Alinipeleka mahali anapojua, na anapajua kwa sababu ndipo wageni wanapolipa nauli kwenda. Lakini njia nzima ya kurudi Pwani nilikuwa nikijiuliza swali moja: katika wilaya ndogo kama Njoro, yenye historia ya miaka elfu tatu, imekuwaje urithi unaojulikana na kila mtu ukawa nyumba ya Mwingereza mmoja iliyokamilika 1954?

Huenda msomaji wa Lamu, Mambrui au Vanga akasema, ya Njoro yatuhusu nini sisi? Yatuhusu. Kwanza, wengi wetu tuna mtoto, mpwa au jirani aliyesoma Egerton. Pili, reli iliyoanza kujengwa Mombasa 1896 ilipita Njoro kabla ya kufika Kisumu mwishoni mwa 1901, na kabla ya reli watu wetu walikuwa wamekwisha kulijua Bonde la Ufa kwa miguu. Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani, alifuatana na Joseph Thomson 1883 kuelekea Baringo, na miaka minne baadaye akawa kiongozi wa njia katika msafara wa Teleki. Tatu, na hili ndilo kubwa, sheria inayolinda au kuacha kulinda pango la Njoro ndiyo hiyo hiyo inayolinda au kuacha kulinda makaburi na misikiti yetu.

Tuanze na jina. Njoro ni neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa maji, na mtu wa Taveta hahitaji kufafanuliwa, kwa kuwa chemchemi za Njoro Kubwa anazo kwake. Njoro ya Nakuru imepata jina hilo kwa mto unaoteremka kutoka msitu wa Mau Mashariki hadi Ziwa Nakuru. Leo ni kaunti ndogo yenye wadi sita: Njoro, Kihingo, Lare, Nessuit, Mauche na Mau Narok. Ni nchi ya ngano, viazi, mahindi na maziwa. Mgeni aipitaye kwa gari huona mashamba tu. Lakini chini ya mashamba hayo kuna tabaka juu ya tabaka.

Tabaka la kwanza ni pango. Mwaka 1938 Mary Leakey na mumewe Louis walichimba pango kando ya Mto Njoro wakakuta mahali pa maziko. Wafu karibu 80 walikuwa wamechomwa kwa moto, na pamoja nao vikawekwa vyombo: bakuli za mawe, michi, mawe ya kusagia, shanga za mawe ya rangi, mabaki ya vikapu na vibuyu. Wataalamu wanakadiria mambo hayo kuwa ya miaka 3,000 na zaidi iliyopita, zama za wafugaji ambao hawakuwa na chuma. Leakey hao walitoa kitabu juu ya pango hilo 1950. Fikiri kidogo maana yake. Miaka elfu tatu iliyopita, kabla ya mji wowote wa mawe tunaojivunia huku Pwani, pale Njoro palikuwa na watu wenye ng'ombe, wenye ufundi wa kutoboa mawe wakafanya shanga, na wenye desturi ya kumuaga maiti kwa heshima na vyombo vyake.

Tabaka la pili ni msitu na watu wake. Waogiek, ambao wengi wako Nessuit na Mariashoni, wameishi ndani ya Mau kwa uwindaji na asali tangu zamani. Mzinga kwao una mwenyewe, mti una mwenyewe, na eneo la msitu lina ukoo wake, hata kama hakuna ukuta wala uzio. Urithi wa aina hii hauna jengo la kupigwa picha. Uko katika kujua nyuki wanakwenda wapi msimu gani, na dawa gani iko katika gome lipi.

Tabaka la tatu ni la Wamaasai, waliolisha ng'ombe katika nyanda hizo mpaka mkataba wa 1904 ulipowahamisha Bondeni kupelekwa Laikipia, kisha 1911 wakahamishwa Laikipia nako.

Tabaka la nne ni walowezi. Lord Delamere alipewa ekari 100,000 pale Njoro mwanzoni mwa karne iliyopita. Mifugo yake ikafa kwa sababu udongo ulikuwa na upungufu wa madini ambao Wamaasai waliujua siku nyingi. Akageukia ngano, ngano ikaliwa na kutu, ndipo utafiti wa mbegu ulipoanza. Kutokana na hayo, Njoro ikapata kituo cha kuzalisha mbegu za ngano 1927, na kituo hicho hadi leo ni miongoni mwa vituo muhimu duniani. Kutu ya shina iitwayo Ug99 ilipogunduliwa Uganda 1998 na kutishia ngano ya mataifa, Njoro ndipo mahali ambapo nchi nyingi hupeleka mbegu zao zipimwe. Hapo hapo Njoro ndipo alipolelewa Beryl Markham, binti wa mfuga farasi, aliyeruka peke yake kwa ndege kutoka Uingereza kuvuka Atlantiki kuelekea magharibi mwaka 1936.

Na ndipo alipofika Maurice Egerton, bwana wa Tatton, aliyeanzisha shule ya kilimo 1939 kwa ajili ya vijana wa Kizungu, shule iliyokuja kuwa Chuo Kikuu kwa sheria ya 1987. Kasri lake alianza kulijenga 1938, vita vikamsimamisha, akalimaliza 1954, akafa 1958 bila mke wala mtoto. Husimuliwa kwamba alilijenga kwa ajili ya mwanamke aliyemkataa, na kwamba baada ya hapo hakutaka mwanamke akanyage shamba lake. Hadithi ya mahaba imechanganyika na tarehe, na ndiyo inayouza tiketi. Maharusi huenda kupiga picha katika nyumba ya mtu aliyekataliwa. Mungu ana mambo yake.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Kwa nini kasri linajulikana na pango halijulikani? Nimelipima, naona sababu tatu, na hata moja si kwamba watu wa Njoro hawapendi historia yao.

Sababu ya kwanza ni hati ya ardhi. Kasri lina mwenyewe, nacho ni chuo kikuu. Kitu chenye mwenyewe kina mtu wa kufunga mlango usiku, wa kufyeka nyasi, wa kuandika barua bomba likipasuka. Pango likiwa kando ya mto katikati ya mashamba, na msitu ukiwa wa serikali kwa karatasi na wa Waogiek kwa asili, hakuna anayejua barua iandikwe na nani.

Sababu ya pili ni kiingilio. Kitu kinachoingiza fedha, hata kidogo, hutetewa. Kijana wa bodaboda, mama wa chai, mpiga picha wa harusi, wote wana sababu ya kutaka kasri lisimame. Pango halijampa mtu yeyote chai.

Sababu ya tatu ni hadithi. Kasri lina hadithi ambayo mtoto wa darasa la nne anaweza kuisimulia. Pango lina ripoti ya kitaalamu ya Kiingereza ya 1950. Waogiek wana hadithi nyingi, lakini zile zinazowafikia watu wengine ni za mahakamani tu.

Ukiwa na vitu hivi vitatu, urithi wako utabaki. Ukikosa kimoja utayumba. Ukikosa vyote, utafutika huku watu wakikuangalia.

Mtu atasema sheria ipo. Ni kweli. Tunayo Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006, inayompa waziri uwezo wa kutangaza mahali kuwa turathi ya taifa. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imegawa kazi: mambo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa ni ya serikali kuu, na makavazi ya kaunti pamoja na shughuli za utamaduni na utalii wa mahali ni ya kaunti. Mgawanyo huo unapendeza ukiusoma. Katika utekelezaji, mahali padogo huanguka katikati. Serikali kuu husema hapo si pa kitaifa, na kaunti husema mambo ya kale si yetu ni ya makavazi ya taifa. Kila mmoja ana kifungu cha kuonyesha.

Kwamba jambo linawezekana, Nakuru yenyewe ni ushahidi. Kilima cha pimbi, Hyrax Hill, kilichimbwa na Mary Leakey huyo huyo miaka hiyo hiyo ya 1937 na 1938. Kikatangazwa kuwa turathi ya taifa 1943, na nyumba ya makavazi ikafunguliwa 1965. Mtu wa Pwani akifika pale atafurahi: mwambani mmechongwa mashimo ya mchezo wa bao, na katika vitu vilivyochimbuliwa zilikuwamo sarafu za Kihindi. Tofauti ya Hyrax Hill na pango la Njoro haiko katika umri wala thamani. Moja lilitangazwa, likapewa mlinzi na mlango. La pili limeachiwa wasomi.

Lakini kuzungumza juu ya pango bila kuzungumza juu ya msitu ni kukwepa. Jambo linaloumiza Njoro leo ni Mau.

Oktoba 2009 Waogiek walipewa ilani ya siku 30 watoke msituni. Wakapeleka malalamiko, na shauri likafika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama ikaamua kwamba Kenya imevunja vifungu saba vya Mkataba wa Afrika, pamoja na haki yao ya ardhi, ya dini na ya utamaduni. Tarehe 23 Juni 2022 ikatoa hukumu ya fidia: shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa maumivu ya moyo, na juu ya hayo ikaiamuru serikali ipime ardhi ya mababu zao na kuwapa hati ya pamoja katika muda wa miaka miwili. Novemba 2023, kabla muda haujakwisha, nyumba za Waogiek zilibomolewa Sasimwani, upande wa Narok. Juni 2024 miaka miwili ikatimia bila ya hati.

Upande wa serikali nao una hoja, na si haki kuuficha. Mau ni chemchemi ya mito mingi ya magharibi mwa nchi. Ulikuwa msitu wa karibu hekta 400,000, na jopo lililoripoti 2009 lilionyesha kuwa karibu robo yake ilipotea katika muda wa miaka ishirini hivi. Mto Njoro ukikauka, Ziwa Nakuru linaumia, na ziwa hilo limo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2011. Kwa hivyo mtu akisema msitu uokolewe, anasema kweli. Anapokosea ni pale anapomweka mwenye mzinga fungu moja na mwenye msumeno. Aliyegawa msitu kwa maelfu ya ekari miaka ya 1990 na 2001 hakuwa mrina asali. Alikuwa ofisini.

Hapa ndipo Pwani tuna la kusema, kwa kuwa jambo kama hili tulilipitia. Kaya za Mijikenda zilikuwa zikikatwa miti na kuuzwa viwanja mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wazee wa kaya na Makavazi ya Taifa wakaanza kazi pamoja, na kuanzia 1992 kaya moja moja zikatangazwa kuwa turathi ya taifa. Mwaka 2008 zikaingia Orodha ya Urithi wa Dunia. Msitu ukakubaliwa kuwa ni turathi bila ya kuwa na ukuta wala mnara, na wazee wakakubaliwa kuwa ndio walinzi wake. Wazo hilo, kwamba watu na msitu ni kitu kimoja na ukimtoa mmoja umemuua wa pili, ndilo Waogiek wanalolisema Arusha.

Sisemi kaya na Mau ni sawasawa. Kaya ni vijisitu vidogo, na watu walikwisha kuhamia nje wakaviacha kwa ibada. Mau ni mkubwa, na Waogiek wanataka kuishi ndani yake. Tena hatuna haki ya kujisifu, maana mpaka leo kuna kaya ambazo wazee wake wanashindana na wachimba mawe na wanyakuzi. Lakini njia imekwisha kupitwa, na anayeipita wa pili hana haja ya kukisia.

Kuna tahadhari moja, na nataka niiseme wazi kwa sababu sisi tuliionja. Neno urithi lina makali pande mbili. Agosti 1997, Likoni, watu walichinjwa kwa kuambiwa wao si wa asili hapa. Januari 1998, miezi mitano tu baadaye, Njoro nako kukawaka moto kwa maneno hayo hayo, kama kulivyowaka 1992 na kutakavyowaka tena 2008. Tume ya Akiwumi ilizichunguza Likoni na Njoro katika ripoti moja. Aliyepoteza nduguye Likoni na aliyepoteza nduguye Njoro waliumizwa kwa kauli moja: hii ni nchi ya mababu zetu, ninyi ondokeni.

Kwa hiyo, tunapodai urithi utambuliwe, tusiugeuze kuwa panga. Mwogiek kupata hati ya msitu wake si sababu ya Mkikuyu wa Lare au Mkalenjin wa Mauche kulala na viatu. Pango la miaka elfu tatu halikuachwa na kabila lolote linalopiga kura leo. Pengine hiyo ndiyo faida yake kubwa: ni kaburi la wenyeji ambalo hakuna chama kinachoweza kulidai, na kila mtoto wa Njoro anaweza kuliita lake.

Nini kifanyike? Mimi si mtaalamu wa mambo ya kale, ni mwandishi wa safu tu, lakini haya hayahitaji bilioni.

La kwanza, Kaunti ya Nakuru iwe na daftari la maeneo yake ya kale, wadi kwa wadi, lenye kusema kila mahali ni pa nani na nani anapatunza. Kaunti zetu za Pwani nazo zifanye hivyo, zisingoje Nairobi.

La pili, maelezo anayopewa mgeni wa Njoro yasianzie kwa Lord na kuishia kwa Lord. Mgeni akishaona vyumba vya mtu mmoja, aambiwe pia nchi hii ilikuwa malisho ya nani, ni mikono ya nani iliyobeba mawe yale, na kwamba mwendo mfupi kutoka hapo kuna maziko ya watu walioishi kabla ya Delamere kwa miaka elfu tatu. Kasri halitapungua kitu. Litapata jirani.

La tatu, hukumu ya Arusha itekelezwe. Serikali ikichagua hukumu ya kutii na ya kupuuza, hakuna turathi yoyote iliyo salama, iwe ya Mau au ya Kaya Kinondo.

La nne ni letu sisi. Tumezoea kusema historia ya Kenya ilianza Pwani, na Bara kulikuwa pori. Bakuli za mawe za Njoro zinatukosoa. Tena sisi wenyewe tuna ugonjwa ule ule: mgeni akifika Malindi tunampeleka kwenye nguzo ya Vasco da Gama, na akifika Mombasa tunampeleka ngome ya Mreno ya 1593, kisha tunalalamika kwamba historia yetu haijulikani. Ilibidi tungoje 2024 ndipo Gedi, mji tuliojenga wenyewe, uingie Orodha ya Urithi wa Dunia. Wahenga walisema nyani haoni kundule.

Mpwa wangu amekwisha kuzoea baridi ya Njoro. Nilipompigia simu juzi nikamwomba atafute wenzake wawili watatu, wamwendee mwalimu wao wa historia, waulize pango liko wapi. Akaniambia, "Mjomba, hapa watu wote wanajua kwa Lord tu." Nikamwambia nalijua hilo. Ndiyo maana namtaka yeye aulize, na akishafika, arudi amwonyeshe njia yule kijana wa bodaboda.